Kibuyu Kilichonuka Dagaa

Watoto wawili wa kwanza walizaliwa katika wiki ya thelathini na mbili, na wote wawili wako nyuma ya zizi, chini ya mawe. Sasa Paskalina, mke wa mdogo wangu Michael, alikuwa na mimba ya tatu, ya wiki ishirini na sita, na hapa nyumbani Balangdalalu watu walikuwa wameanza kuongea kwa sauti ya chini.

Nilimpeleka kliniki mimi mwenyewe. Nesi alimuuliza anakula nini. Ugali, akasema. Mboga ya kukaanga. Maandazi siku ya mnada. Mafuta gani? Alizeti. Nesi akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba yapo mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima yaliwe, nayo ni makundi mawili, omega-3 na omega-6. Alizeti imejaa hilo la pili. La kwanza liko kwenye samaki, na kidogo kwenye mboga za majani na maziwa ya ng'ombe anayekula nyasi. Yote mawili yanapita mlango mmoja mwilini. Moja likijazana mlangoni, jingine linabaki nje. Na mama mjamzito anayelikosa lile la kwanza yuko kwenye hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati.

"Kwa hiyo nikila samaki mtoto atakaa?" Paskalina akauliza.

"Siahidi. Inasaidia. Dagaa mara mbili tatu kwa wiki, na kukaanga upunguze."

Paskalina akanitazama. Kwetu samaki haliwi. Mtu aliyekula samaki hakamui wala hashiki kibuyu cha maziwa, kwa sababu ng'ombe atakauka. Mama yangu ndiye mwenye vibuyu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nasoma kila karatasi inayonifikia, hata ya kufungia sukari. Na nakumbuka. Nakumbuka bonde lile likiwa na nyasi hadi kiunoni, na maziwa yakiwa ya njano. Kisha wakaja watu na vigingi na matrekta. Wakalima ngano, baada ya ngano alizeti, na mama akafukuzwa kwenye kaburi la baba yake kwa kosa la kukanyaga shamba. Leo Michael anahama na ng'ombe miezi minne kutafuta majani. Wale wanne wa maziwa wanaobaki nyumbani wanakula mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Ng'ombe anakula alizeti, na sisi tunakula alizeti. Walichukua nyasi, wakatuuzia mafuta ndani ya dumu. Hilo nesi hakulisema. Nalisema mimi.

Nikaenda Katesh kwa Hajira, rika langu, anayeuza dagaa sokoni tangu tukiwa wasichana. Miaka yote hiyo sikuwahi kusimama mbele ya meza yake bila kuziba pua.

"Leo nimeona makubwa," Hajira akasema. "Ng'ombe wameisha huko kwenu?"

"Pima, acha maneno."

"Ni wa paka?"

"Wa paka."

"Huyo paka ana mimba ya miezi mingapi?"

Nikamfungulia mfuko. Akaongeza kiganja kizima bila kuombwa. "Toa vichwa, osha mchanga, anika, saga. Kwenye uji hawaonekani. Ila harufu, dada, hiyo utaificha wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kopo la plastiki nililowekea unga wa dagaa lilivujisha harufu chumba kizima. Nikachukua kibuyu kimoja cha mama, kilichopasuka shingoni, ambacho hakikuwa kimewekwa maziwa kwa miaka mitatu. Kifuniko chake cha ngozi kilifunika ule ufa na kubana vizuri. Nilidhani kibuyu kilichoachwa ni chombo tu kama sufuria. Nimelelewa na mama yule, nilipaswa kujua.

Paskalina alikunywa uji wake bila kukunja uso. Mboga tukaanza kuchemsha. Na kila asubuhi aliendelea kukamua, maana angeacha, mama angeuliza sababu.

Wiki ya thelathini, ng'ombe mwekundu akaanza kupunguza maziwa. Kwanza nusu kikombe, baadaye kikombe. Mama alianza kuvizungukia vibuyu, kimoja kimoja, anafungua, ananusa, anafunga. Siku tatu alinusa vile vinavyotumika. Siku ya nne nilimwona akielekea kwenye kona ya vile vilivyoachwa.

Alitoka na kile kilichopasuka mkononi.

"Nani amesaga samaki humu?"

"Ni mimi, mama."

"Na nani amekula?"

Nikafungua mdomo nidanganye. Paskalina alikuwa amesimama mlangoni, mkono chini ya tumbo. "Mimi, mama. Tangu mnada wa mwezi uliopita."

"Ulikuwa unakamua?"

"Nilikuwa nakamua."

Mama akakaa chini kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Akachota majivu, akasugua mikono, muda mrefu. "Ondoka kabla ng'ombe hawajarudi kutoka majini. Huyo mtoto asizaliwe hapa."

"Mama," nikasema, "wale wawili walizaliwa hapa. Hakuna aliyekula samaki."

"Najua waliko. Niliwachimbia mimi."

Niliondoka naye, na Hajira akatupatia chumba cha nyuma kwake Katesh. Hakuuliza. Alileta mboga ya mnafu iliyochemshwa na dagaa wa mchuzi, akakaa pale pale kuhakikisha sahani imeisha. Wiki ya thelathini na mbili ilianza Jumatano. Alhamisi Paskalina aliumwa mgongo. Ijumaa hakuinuka kitandani, akawa anahesabu mbao za dari. Jumamosi alisimama, akashika ukuta, nami nikashika mlango, tukaangaliana.

"Bado," akasema.

Wiki ikapita. Ikapita nyingine. Katika wiki ya thelathini na nane alizaliwa msichana, mzito, mwenye kelele. Sitasema ni dagaa. Nesi hakuahidi, na mimi sisemi uongo hata kwa jambo ninalolitaka. Nasema yuko hai.

Siku ya tisa mama akaja, na kibuyu cha maziwa kwapani. Nyumbani kwetu mtoto anapokelewa kwa maziwa ya zizini, anapakwa utosini na bibi yake. Paskalina alipiga magoti, "Shikamoo, mama," machozi yakimtoka kwa furaha. Mama akaitikia. Akamchukua mtoto, akaweka pua utosini, akanusa kama anavyonusa vibuyu.

Kisha akamrudisha. Kibuyu hakukifungua.

"Mwekundu amekauka," akasema. "Na yule mwenye baka amefuata."

"Ni mashudu, mama. Yameota ukungu, niliyaona mwenyewe. Ng'ombe hawana nyasi."

"Nyasi hazikuwepo mwaka jana pia. Walikamuliwa."

"Unawakumbuka waliochukua nyasi?"

"Nawakumbuka kuliko wewe." Alisema taratibu, bila hasira yoyote. "Lakini wale siwafikii."

Akamtazama mtoto.

"Huyu namfikia."

Akaweka kibuyu kwapani, akatoka kuelekea stendi. Paskalina alisimama, akafunga mlango kwa komeo, mchana ule, jua likiwa kali. Nyumbani wamebaki ng'ombe wawili wanaotoa maziwa. Mvua bado miezi miwili.