Maji Chini ya Petroli

Nilimwambia Ernest Matonya ukweli mbele ya watu wanne, na hakuna atakayesimama aseme nilimficha. Nilimwambia huku nikiyumba kama mlevi, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Raha yangu ilikuwa hapo.

Mimi ni Masudi, fundi wa magari hapa Nkuhungu, Mnyamwezi wa Tabora. Ernest ni Mgogo, na sisi na Wagogo ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakipita nchi hii na mizigo kichwani, wakitoa hongo, ule ushuru wa njia, ili waruhusiwe kuchota maji. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, akikamata kuku wako bandani unacheka, na msiba ukiingia kwako yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angepigwa navyo.

Miaka miwili iliyopita msiba uliingia kwangu. Mke wangu Joha alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Jeneza lilipokuwa tayari kutolewa, Ernest alijilaza mlangoni, akajifunika kanga ya marehemu, akakohoa. Vikohozi vitatu vifupi, kisha kimoja kirefu cha kuvuta. Halafu akaita kwa sauti iliyokauka, "Masudi, maji." Aliipata sauti ya Joha sawasawa kiasi kwamba dada yangu aliinuka kwenda kuchukua kikombe, akagutuka akiwa katikati ya ukumbi. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana ndiyo desturi, nikacheka hadi machozi yakanitoka, na wazee wakasema afadhali. Sikumsamehe.

Nilikuwa na jingine moyoni. Wiki moja kabla Joha hajafa nilirudi nyumbani mchana, na kabla sijasukuma mlango wa chumbani nilisikia kikohozi na kicheko kwa pamoja. Nikamkuta Ernest kwenye kigoda kando ya kitanda, na Joha, ambaye kwangu alikuwa hana nguvu hata ya kunitabasamia, anafuta machozi ya kucheka. Waliponiona wakanyamaza wote wawili. Sikuuliza, lakini liliniuma.

Basi mwaka huu zamu yangu ikafika. Ernest ana Subaru ya bluu yenye turbo, gari aliloliunda kipande kwa kipande kwa miaka sita. Timu moja ya mbio za magari ya Arusha ilitangaza kwamba itakuja kuwapima madereva kwenye kilima kimoja njia ya Mpwapwa na kuondoka na mmoja tu, asiyezidi miaka arobaini. Ernest alikuwa na thelathini na tisa na miezi kumi. Aliniambia hii ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Alikuja na madumu mawili ya spiriti ya zabibu. Shemeji yake Damiani anakamua zabibu za mvinyo huko Makutupora, na makapi yake huyachemsha akapata spiriti kali. Ernest alikuwa amesoma kwamba ethanoli, yaani spiriti kama hiyo, huipa turbo nguvu na kuipoza injini. Alitaka tubadilishe nozeli za kunyunyizia mafuta na pampu, tuipange upya kompyuta ya gari, kisha ajaze nusu spiriti na nusu petroli. Alikuwa hajaamua. Alikaa kwenye tairi bovu, akaniuliza kama mtoto: abadilishe au aache?

Nikamwambia anipe hadi saa nane. Alipokwenda kula, nilichukua chupa ya soda, nikatia petroli nusu na spiriti nusu, nikatikisa, nikaiweka rafuni na kwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi kulikuwa na mstari. Petroli ilikuwa imekaa juu safi, na chini yake vidole viwili vya kitu cheupecheupe, maji na spiriti vimejitenga. Ethanoli kavu ni mafuta mazuri, sina ugomvi nayo. Ya Damiani ilikuwa na maji, na pampu ya mafuta huvuta kutoka chini ya tangi. Akikanyaga kupanda kilima, injini ingenyimwa mafuta na kupewa maji, pistoni zingeungua, ingenoki na kufa.

Ningemwonyesha chupa tu, yangekuwa yamekwisha. Niliisukuma nyuma ya makopo ya oili.

Saa nane alipokuja, mafundi wenzangu watatu walikuwepo, na Lydia anayetuuzia chakula. Nikaanza. Nikamwambia Wagogo hata pombe yao wanaitia maji. Nikamwambia petroli itakaa juu na maji yatakaa chini, gari litayanywa, litaungua pistoni na kulala barabarani kama baba zake wakitoka kilabuni. Nikatembea kwa kuyumba, nikajibwaga chini, nikatoa ulimi. Lydia alishika mbavu. Kila neno lilikuwa kweli, na sikuwahi kusema uongo uliokamilika kama ule.

Ernest alicheka mpaka akainama. Akaniuliza ukoo mzima wa wabeba mizigo umepata wapi akili ya injini. Kisha akafuta macho, akasema, "Sasa nishajua huna hoja; ungekuwa na la maana ungelisema. Funga hizo nozeli, mtani."

Nikafunga. Kazi ilikuwa safi, sikulegeza hata nati moja.

Siku yenyewe nilikwenda kutazama, nani angekosa? Aliondoka vizuri, gari likilia sauti mpya, tamu, na kwa kona mbili nilidhani nimekosea. Kwenye ya tatu lilikohoa. Likakohoa tena, likagonga chuma kwa chuma, moshi mweupe ukafunika barabara. Nathanaeli, mkuu wa timu ile, aliitazama saa yake, akaandika kitu, akaita jina linalofuata. Ernest alibaki ndani ya gari na helmeti kichwani, mikono kwenye usukani, mpaka walipokuja kumvuta apishe wengine. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka jioni nilikula sahani mbili.

Jumanne nilifungua injini. Pistoni mbili zilikuwa na matundu ya kuingiza kidole. Ernest alikuja kuziona, akaomba kitambaa cha kufutia mikono. Alipokitafuta rafuni mwenyewe, akaikuta chupa.

Aliitikisa, akaiweka juu ya boneti, akaitazama hadi mstari ukarudi.

"Ulijua," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia, kweli." Akacheka, kile kicheko cha watani kinachokunyima ruhusa ya kukasirika. "Sasa na mimi nikwambie. Kile kikohozi alinifundisha Joha mwenyewe. Siku tatu nilikaa pale ananisahihisha. Alisema kile kirefu kiwe cha mwisho, kisha niombe maji. Alisema, Masudi asipocheka siku ile, hatacheka tena."

Nilimuuliza kama ni kweli. Nilimuuliza mara mbili, na mara ya pili nilimshika shati.

Akautoa mkono wangu taratibu. "Na lile la maji chini ya petroli, mtani, lilikuwa kweli?"

Akaondoka kwa miguu, gari akaniachia. Nilikaa kwenye lile tairi bovu nikajiambia ananitania, kwa sababu ndivyo afanyavyo mtani aliyeumizwa, hutafuta pa kuumiza. Nilijiambia hivyo mchana kutwa. Lakini nilikuwa nimesimama nje ya mlango ule, na masikio yangu mwenyewe yalisikia kikohozi na kicheko kwa pamoja, na kicheko kilikuwa cha Joha. Mtu mmoja hawezi kukohoa na kucheka kwa wakati mmoja.