Sauti ya Jamleck Haikuchelewa

Saa mbili kamili asubuhi Profesa Hollis alifunga mlango wa darasa kwa ufunguo, akautumbukiza ufunguo ndani ya soksi ya kushoto, kisha akaligeuzia darasa mgongo. Ndivyo alivyofanya kila siku mwaka ule wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, katika chuo kimoja katikati ya Nairobi. Majina aliyaita akiutazama ubao. Ukijibu vibaya, alivunja chaki vipande viwili, na hata hapo hakugeuka. Nyuso, alisema, zilimpotezea wakati. Aliyekosa kuhudhuria mara tatu alifukuzwa.

Jamleck alikuwa amekosa mara mbili. Alitoka Kangemi kwa miguu alfajiri, lakini karibu na Muthangari palikuwa na kizuizi, na askari walisoma pasi za Wakikuyu polepole, kama barua za mapenzi.

Jumatatu moja foleni iliposimama kabisa, sauti yake ilimtoka, ikapita chini ya mti wa kizuizi, ikaenda zake. Askari hawakuishughulikia. Haikuwa na mifuko ya kupekua.

"Jamleck Wahome?"

"Niko, bwana," ilisema sauti kutoka kiti cha tatu.

Profesa aliiuliza swali gumu kuhusu uzito wa paa la jengo. Ikajibu, chaki ikabaki nzima. Oloo, jirani yake, aliondoa kofia yake kwenye kile kiti ili sauti ikae vizuri.

"Lakini ndugu, jibu polepole," aliinong'oneza. "Sisi wengine tuna mikono ya kuandika."

Kule kizuizini askari alimuuliza Jamleck jina lake. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Wakasema anajifanya bubu, wakamchutamisha kando ya barabara. Siku ya kwanza walimwachilia saa nne, ya pili saa tisa. Ijumaa sauti ilirudi Kangemi peke yake, imekauka, ikaomba uji. Mama yake, Wahu, aliipa, akaiuliza mwenyewe yuko wapi. Haikujua. Ilikuwa darasani.

Wahu alikwenda kwa askari. Wakamwambia bubu mmoja alipelekwa kambini na wenzake. Kambi gani, haikuandikwa, kwa sababu hakutaja jina.

"Si pasi ina jina?"

"Huenda ameiiba. Chuo kikiandika barua kwamba mtu wao amepotea, tutamtafuta."

Jumatatu, kabla ya saa mbili, Wahu alisimama mlangoni pa darasa, akaomba ile barua. Profesa alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole.

"Mama, kijana yako hapana potea. Iko hapa kila siku. Hii ndiyo mzuri kushinda yote."

"Hebu geuka uangalie kiti chake, bwana."

Profesa aliangalia saa. Alimsogeza Wahu nje kwa adabu, akafunga mlango, akautumbukiza ufunguo ndani ya soksi.

Jina liliitwa. "Niko, bwana."

Wahu alikaa ngazini na chupa yake ya uji, akaisikiliza sauti ikijibu maswali yote, mpaka ilipotoka.