Vidonda vya Tumbo vya Baba

Usiku wa jana niliota nimempeleka dada yangu Nambua hospitali kupimwa utumbo, na fomu inakataa kujazwa.

"Baba yenu alikufa na nini?" fomu inauliza, imekunja pembe.

"Vidonda vya tumbo," Nambua anajibu. Ana miaka arobaini na mitatu, na mwezi wa pili huu anapata choo chenye damu. Yeye anakiita bawasiri.

"Basi historia ya ukoo ni safi. Nendeni nyumbani."

Hasira zikanipanda. Nikaizaba fomu kibao. "Tuitie daktari!"

"Daktari anaamini kilichoandikwa," inasema, bila hata kujishika shavu. "Kama historia si safi, ileteni ikae hapa kwenye kiti."

Ukutani umening'inia mpira mrefu mweusi wenye kamera nchani, ule wa kuchungulia utumbo. Unapiga miayo.

"Mimi namsubiri huyu mama tangu ana arobaini," unasema. "Sina kinyaa. Wenye kinyaa ni ninyi."

Nikafungua mlango niifuate hiyo historia, nikatokea migombani kwetu Usangi. Baba ameketi juu ya kaburi lake, amejifunga shuka la wodini, kalamu nyekundu mkononi. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na kufa hakujambadilisha. Anasahihisha wasifu wake, ule niliousoma siku ya mazishi.

"Shikamoo, Baba."

Haitikii. "Nani kanipa vidonda vya tumbo?"

"Baba Mkubwa. Alisema ugonjwa wa sehemu za nyuma hausomwi mbele ya mchungaji na wakwe."

"Kalamu alishika nani?"

Niliishika mimi. Majibu ya vipimo vya Baba tuliyaona wawili tu, mimi na Baba Mkubwa. Saratani ya utumbo mpana. Daktari alitamka wazi kwamba watoto wote wapimwe, angalau miaka kumi kabla ya kufika umri aliogundulika nao Baba.

"Wewe ulipimwa?"

"Nilipimwa."

"Wakakuta nini?"

"Kinyama kidogo. Wakakitoa kabla hakijageuka saratani."

"Na dada yako?"

"Ningemwambiaje, Baba? Nilishasoma vidonda mbele ya watu mia tatu."

"Mimi niligundulika nina hamsini," anasema. "Toa kumi."

"Arobaini."

"Nambua ana mingapi?"

Migomba yote inajibu kwa pamoja, kama darasa la tatu: "Arobaini na mitatu!"

"Umeshindwa na migomba," Baba anasema, na kunitupia wasifu usoni.

Nikaamka nimefura. Nilimkasirikia Baba Mkubwa na aibu zake za mbele ya wakwe. Nikamkasirikia mchungaji, ambaye hana kosa. Kisha nikabaki na mimi mwenyewe, mtu aliyejiokoa kimyakimya na kumwacha dada yake anywe mizizi ya bawasiri.

Kwenye droo, ndani ya kitabu cha nyimbo, wasifu ulikuwa palepale nilipouweka miaka kumi na minne iliyopita. Maneno "vidonda vya tumbo" yamekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, pameandikwa: Rudia.

Nikapitisha kidole. Wino ulikuwa mbichi.

Nikampigia Nambua kabla hata sijanawa uso.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona asubuhi hivi, kuna msiba?"

"Bado," nikamwambia. "Kaa chini, nikusomee upya wasifu wa Baba."