Nta ya Fundi wa Mélusine

Mara ya tatu Mzee Tual alikuja mchana kweupe, na safari hii hakujisumbua kuificha ile nta. Aliishika kiganjani, bonge la manjano lisilozidi yai la kuku, akaipanda njia ya shambani polepole huku upepo wa kisiwa cha Ouessant ukimvuta kofia. Barba alimwona tangu mbali. Akaendelea kuchimba, maana kisiwani kwao ardhi ni ya wanawake na bahari ni ya wanaume, na shayiri haimngoji mtu.

"Hujambo, mkwe?"

"Sijambo, baba. Kama umeleta nta, katengeneze mshumaa umwangazie paka wako."

Tual alicheka bila kupenda. Alikuwa baba wa ubatizo wa Goulven, mume wa Barba, na mila ilimtwika yeye kazi ile. Bahari ikimmeza mtu na maiti yake isionekane, hufinyangwa msalaba wa nta wa urefu wa kidole, ukalazwa mezani juu ya kitambaa cheupe cha kichwa cha mkewe, ukakeshewa na kuliliwa, kisha ukapelekwa kanisani kama maiti yenyewe. Hapo mke huwa mjane, na roho hupata pa kulala. Manowari Mélusine ilikuwa imezama miaka miwili nyuma na wanaume saba wa kisiwa. Sita walishapata misalaba yao. Wa saba, Barba alimkatalia kufa.

Hakuwa mwendawazimu. Ilisemekana Waingereza waliokota watu baharini wakawatia gerezani, na hakuna aliyejua majina yao. Tumaini dogo kama hilo linamtosha mtu kuishi nalo.

Tena yeye ndiye aliyemchumbia Goulven. Alikwenda kwao na kipande cha nyama ya nguruwe, kama wasichana wa Ouessant wafanyavyo, akakiweka mezani, akangoja. Goulven alikila chote, ishara kwamba amekubali, akalamba vidole, ndipo akasema kwamba wiki ile ile anapanda meli mpya kule bandari ya Brest, fundi seremala msaidizi. Mizinga sabini na minne! Mialoni elfu mbili imekatwa kwa ajili yake! Miaka kumi na mmoja Barba aligawana mume na meli hiyo, na fungu lake lilikuwa dogo. Mélusine ilikwenda visiwa vya Antili ikarudi bila mlingoti mkuu. Ikapigana siku nzima na Waingereza wawili, ikaingia bandarini na matundu arobaini ambayo Goulven aliyaziba kwa mikono yake mwenyewe. Akija likizo alinuka lami, na kitandani aligeukageuka.

"Nyumba hii haitikisiki," alilalamika. "Nitalalaje?"

"Nenda kalale na mke mwenzangu, basi," Barba alimjibu, nao wakacheka, ila yeye kicheko chake kilikuwa na mwiba.

"Leo sikuja na nta tu," Tual alisema pale shambani. "Kuna mtu kwangu. Ametoka gerezani Uingereza. Alikuwamo ndani ya Mélusine."

Barba aliliacha jembe pale pale.

Yule mtu aliitwa Herri, kijana wa bara asiye na meno ya mbele, na alikuwa akilowesha mkate kwenye mchuzi. Barba hakuketi.

"Mlikuwa wangapi gerezani?"

"Tisa, mama."

"Na Goulven?"

Herri aliweka mkate chini. Akasimulia jinsi Waingereza walivyowafukuza usiku na mchana, usukani ukavunjika, meli ikapanda mwamba mbele ya nchi yao wenyewe. Mashua moja tu ilishuka salama. "Fundi alikuwamo, mama. Aliketi karibu yangu, goti kwa goti. Halafu pampu za kutoa maji melini zikanyamaza. Akasema, 'Wapumbavu hao, wameziachia, na bado yuko hai.' Akashika kamba akapanda tena."

"Nani yuko hai?"

"Meli, mama. Tukasikia pampu zimeanza upya. Zilifanya kazi muda mrefu. Kisha hatukuzisikia."

Barba alimtazama. "Alinitaja?"

Tual alikohoa, akamkonyeza kijana aseme ndiyo. Herri aliona ishara hiyo, akainamisha kichwa.

"Hapana, mama. Kulikuwa na kelele nyingi."

Wivu ulimpanda Barba, wivu wa kike hasa, juu ya mbao zilizooza chini ya maji. Alitamani kumpiga Goulven, na hakukuwa na wa kumpiga. Hapo ndipo alipojua kwamba amekwisha kuamini kuwa mumewe amekufa. Akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo nta, baba. Nitamfinyanga mwenyewe. Wewe vidole vyako vinatetemeka, utamfanya kibyongo."

Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilimfuata hadi kanisani, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio cha miaka miwili kilicholiliwa kwa mkupuo usiku ule wa mkesha. Tual alibeba msalaba juu ya kitambaa. Karibu na altare lilikuwapo sanduku la mbao ambamo misalaba ya wafu wa baharini hungojea kuzikwa. Padri akafunua kifuniko. Ndani walilala wale sita wa Mélusine, wamebanana, nta yao imeanza kuwa kijivu, na nafasi ya wa saba haikuonekana.

Tual alisita, msalaba mkononi. Barba akainama juu ya sanduku.

"Sogeeni kidogo, jamani," aliwaambia. "Fundi wenu amefika."