Mstari wa Kumi na Mbili

Ukutani mwa ofisi ya Lambert, mkandarasi wa majengo, juu kidogo ya swichi ya jenereta, ilitundikwa picha ya kituo cha uzazi ambacho hakijawahi kuingiwa na vumbi. Kuta zake zilikuwa nyeupe pe, mbele yake ilisimama miti ya aina ambayo Bunia haijaiona, na mwanamke aliyevaa koti zito la baridi alikuwa akipita akimvuta mbwa kwa kamba. Mwanamke huyo na mbwa wake walitoka kwenye kompyuta, pamoja na miti, pamoja na kile kituo chenyewe. Denise Katungu ndiye aliyeichora miaka miwili iliyopita, na kila mgeni aliyeingia ofisini alionyeshwa picha kwanza ndipo akapewa kiti.

Kwa hiyo Lambert alipopata kazi ya vituo vinne vya afya na daraja dogo upande wa Irumu, na wafadhili wakataka kila jengo lichorwe zima kwenye kompyuta, matofali, mabomba na nyaya, kabla hata ya shimo kuchimbwa, hakuna aliyeuliza nani atapewa kazi ya kulinganisha programu. Zilikuwa mbili. Pale ofisini waliziita kwa rangi za alama zao kwenye skrini: ya bluu na ya kijani. Ya bluu Denise aliisomea Kampala, akarudi na cheti. Ya kijani aliijua Alexis, mwenzake wa meza ya pili, ambaye hakusomea popote. Alijifundisha kwa video alizozipakua moja moja, siku mtandao ulipoona huruma. Lambert alikwisha kuwaambia wote wawili kwamba programu itakayochaguliwa, anayeijua ndiye atakayekuwa mkuu wa michoro. Kisha akampa Denise ulinganishaji, kwa sababu ya cheti. Mtu yeyote angeona kwamba mchezaji amekabidhiwa filimbi ya mwamuzi.

Masharti yalikuwa mepesi. Achague jengo moja lililokwisha kusimama, alichore katika programu zote mbili, kisha aende na futi kamba akalipime jengo lenyewe. Denise alichagua kituo chake cha ukutani. Tusimfichie: alikichagua kwa kuwa katika ile ya bluu kilikuwa tayari, kimekamilika na kimepambwa, na katika ya kijani kingepaswa kuanza kwenye msingi. Alexis alimsaidia siku tatu bila kinyongo, akamfundisha hata njia za mkato, na Denise alimshukuru huku akiona aibu kidogo ambayo hakuitilia maanani.

Jedwali lake lilikuwa na mistari kumi na moja. Wepesi wa kuchora, hesabu ya matofali, mabomba yanapogongana na nguzo, mteremko wa ardhi chini ya daraja, na kadhalika. Ya bluu ilishinda katika tisa, na kwa haki kabisa. Ya kijani ilikuwa nzito, mara nyingine ilijifunga yenyewe bila kuaga. Ilibaki futi kamba tu.

Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Nyankunde. Denise alikuwa hajakanyaga pale tangu siku za msingi. Kuta zilipopanda na wakubwa wakaja kukata utepe, yeye alikuwa amerudi Kampala kumalizia cheti. Aliyekijenga ni Félicien, fundi mwashi aliyekimbia vita vya Djugu na jamaa yake, akaanza upya mjini akiwa na mwiko na timazi tu. Asubuhi hiyo alikuwapo, akirekebisha mfereji wa maji ya mvua. Alimwamkia Denise kwa heshima, akaacha kazi yake na kumshikia ncha ya futi.

Walipima chumba kwa chumba. Sentimita moja huku, mbili kule. Félicien alikuwa ameufuata mchoro kama mtu anayesoma sala, na Denise akajisikia vizuri sana, tusiseme kichwa kilimvimba. Kisha wakatoka nje, upande wa wodi ya kujifungulia, na hapo akasimama.

Njia ya kupandia haikuwa yake. Yeye alichora njia ya upana wa mita moja na sentimita ishirini, yenye ukingo wa chuma pande zote mbili, ikipanda, ikikata kona, kisha ikipanda tena hadi barazani. Aliitoa ndani ya ile ya bluu ilivyo, imeandaliwa na watu wa mbali kwa ajili ya viti vya magurudumu. Hii iliyokuwa mbele yake ilinyooka moja kwa moja, ndefu, pana karibu mita mbili, haina ukingo, saruji yake imechorwa mistari ya kuzuia utelezi. Iliishia mlangoni kabisa.

Damu ilimchemka. Alimwuliza Félicien, kwa sauti ya ofisini, nani alimruhusu kubadilisha kazi ya watu. Félicien alifuta mikono kwenye suruali. Kabla hajajibu, pikipiki iliingia kutoka barabarani, motard akiendesha mbele, mama mzee nyuma, na katikati yao mwanamke aliyefumba macho na kuuma kitenge chake. Motard hakusimama chini. Alipunguza mwendo, akapanda ile njia taratibu, akafika mlangoni, na wauguzi wawili wakampokea yule mwanamke kabla miguu yake haijagusa chini. Pikipiki ikageuka hapo hapo juu, ikashuka. Haikuchukua hata dakika mbili, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Denise.

"Ile kona ya weye, piki haiwezi kugeuka pale, Ma Denise," Félicien alisema. "Motard angeambia mama ashuke. Muke mwenye iko na maumivu ya namna ile, ashuke kisha iwe namna gani?"

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningeambia nani? Ile karatasi ilikuwa na nafasi ya jina yako, na ya Patron, na ya tampon, ile muhuri ya ofisi. Yangu haikukuwa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza mahali mlango ulipo. Na Denise, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akionyesha wageni ile kona pamoja na mbwa na koti la baridi, aliona haya hadi masikio yakamwasha.

Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akafikiri kidogo, kisha akafanya jambo ambalo halikuwa katika jedwali. Alimwomba Félicien simu yake, simu ya kawaida yenye kioo kilichopasuka, akajaribu kumfungulia jengo la ile ya bluu. Ilitaka akaunti. Ikataka neno la siri. Kisha ikataka mtandao, na kiduara kikazunguka, kikazunguka, hadi Denise mwenyewe akachoka kukitazama. Jengo la kijani Alexis alikuwa amemwekea kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, pamoja na programu ya bure ya kutazamia. Akaichomeka kadi kwenye simu, jengo likafunguka. Félicien alilizungusha kwa kidole gumba, akaingia mlangoni, akatokea upande wa pili, akaifikia njia yenye kona. Akacheka polepole. Denise alimwonyesha namna ya kubonyeza na kuacha alama, na yule fundi akabonyeza pale pale konani. Nukta nyekundu ikatokea, na kando yake nafasi tupu ya kuandika jina.

Njia nzima ya kurudi mjini Denise alijua kwamba hakuna aliyemlazimisha. Mistari kumi na moja ilikuwa ya kweli. Lambert hakuomba zaidi, na Félicien asingemsemea. Angeweza kukabidhi jedwali lilivyo, awe mkuu wa michoro kuanzia Jumatatu, na asimwibie mtu chochote. Aliitaka ile nafasi; aliitaka tangu Kampala, alipokuwa akilala na madaftari kitandani. Alifika ofisini, akafungua kompyuta, akaongeza mstari wa kumi na mbili: *Anayejenga anaweza kujibu?* Chini ya bluu akaandika hapana. Chini ya kijani, ndiyo. Akachapa haraka, kabla hajajionea huruma.

Lambert alisoma kurasa zote bila kukunja uso. Alipofika chini alivua miwani.

"Huu mustari wa mwisho, nani alikuomba uweke?"

"Félicien, Patron. Ile njia ya kupandia ya kule haiko ya mimi. Iko ya yeye."

Lambert aliinua macho akaitazama picha ya ukutani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Siku mbili baadaye alichagua ya kijani. Alexis akahamia meza ya dirishani, na Denise alimpa mkono akampongeza, kisha akaenda nyuma ya jenereta na kulia. Roho ilimuuma, na haikuacha kumuuma kwa sababu tu alikuwa amefanya sawa.

Alianza kujifunza upya, akimwuliza Alexis maswali ya mwanafunzi. Kituo cha kwanza cha upande wa Irumu walimpa yeye. Aliichora njia ya kupandia kwa mkono wake mwenyewe: imenyooka, pana mita mbili kamili, mistari ya kuzuia utelezi, inaishia mlangoni. Baraza akaifanya fupi ili mwanamke asitembee. Aliipenda kuliko kitu chochote alichopata kuchora, akamtumia Félicien, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa ujenzi kule.

Nukta nyekundu ilirudi siku ya tatu, barazani. Chini yake, jina: Félicien. Chini ya jina, maneno.

"Ma Denise, huku piki inaishia ku mto. Wagonjwa wanakuja ku tipoyi, watu ine wanabeba, wawili mbele, wawili nyuma. Hapa ku mulango hawawezi kugeuka."

Denise alisoma mara mbili. Aliwaona wale wanne wakiwa na machela mabegani, wamelowa hadi magotini, wamesimama kwenye baraza yake fupi bila pa kugeukia. Alikamata ukingo wa baraza kwa mshale wa kompyuta ili auvute nje, mita moja, labda mita na nusu. Akauachilia.

Akabonyeza pale penye nukta na kuandika: "Tipoyi ya kule iko na urefu gani, Papa Félicien?" Kisha akaondoa mkono kwenye meza, akangoja.