Godoro la Chumba cha Mapatano

Serikali ilipoona watu wanaachana zaidi kuliko wanavyooana, ilianzisha semina za ndoa. Kila wilaya ikapewa afisa mmoja, mwongozo mmoja mnene, na agizo kwamba wanandoa wagombanao wakalishwe mahali laini. Afisa wa wilaya yetu, binti mwenye bidii ambaye mwenyewe alikuwa bado hajaolewa, akaagiza godoro la chumba cha mapatano.

Aliyelishona alikuwa fundi mmoja wa nyuma ya soko, akisaidiwa na mkewe. Mke ndiye aliyekata vitambaa, lakini jina la Mkasi watu walimpa kwa ajili ya ulimi. Lilipokuwa tayari wakalibeba wenyewe hadi ofisini, fundi mbele, Mkasi nyuma.

Ukumbini wachumba waliokuja semina kabla ya kuoana walikuwa wamekaa wawili wawili, kalamu mkononi. Afisa alikuwa amewaahidi waigizaji wa kuonyesha jinsi ugomvi wa nyumbani unavyoanza, na waigizaji walikuwa wamechelewa. Macho yake yalikuwa mlangoni pale godoro lilipochomoza nusu, likakwama.

"Liinamishe kushoto," alisema fundi aliyekwisha kuingia.

"Kushoto kwako au kwangu?" aliuliza Mkasi kutoka nje.

"Kushoto ni kushoto, mke wangu, hakuna mwenyewe."

"Kuna mwenyewe. Ulisema hivyo hivyo tulipoingiza kabati, na mpaka leo kabati liko barazani."

"Kabati lilikuwa pana."

"Kabati lilikuwa jembamba. Kichwa ndicho kilichokuwa kigumu."

Wachumba wakaanza kuandika. "Hawa waigizaji ni wazuri," fundi bomba mmoja alimnong'oneza mchumba wake, muuza miwani. "Utadhani wameoana kweli."

Afisa aliwaacha waendelee hadi walipofika kwenye habari za mama mkwe, kisha akapiga makofi. "Simameni hapo hapo. Nani ameona kosa la mume?"

"Hamwangalii mkewe machoni," akajibu muuza miwani.

Fundi aligeuza shingo, godoro likiwa begani. "Nikimwangalia machoni, kizingiti atakiangalia nani?"

"Tulia, baba," afisa akasema kwa upole. "Sasa rudieni ugomvi huo kwa utaratibu wa mwongozo. Mama, anza na 'ninapoona', halafu 'ninajisikia'."

Mkasi alidhani hayo ni masharti ya kupokelewa mzigo serikalini. Akakohoa kidogo, akaendelea kusukuma. "Mume wangu mpenzi, ninapoona godoro linamwelekea huyu binti wa watu, ninajisikia..."

Hakumaliza. Godoro lilikuwa na haraka kuliko sentensi. Lilifyatuka mlangoni, likamfunika afisa gubigubi, na kutoka chini yake ikasikika sauti ikisema, "Vizuri sana, mama. Endelea na hisia."

Walipomwinua, fundi bomba alinyoosha mkono. "Afisa, nauliza bila ubaya. Serikali imeshindwa kuziba shimo la hapo nje. Ndoa yangu itaiweza?"

"Shimo ni la watu wa barabara," alisema afisa akijipangusa vumbi. "Mimi ni wa ndoa, na sijapewa hata sepetu. Nimepewa maneno tu. Mama, ulikuwa unajisikiaje?"

Mkasi akaona masharti bado yanaendelea. "Ninajisikia kipofu," alisema. "Kila tukibeba mzigo mimi niko nyuma, sioni kitu ila kitambaa mbele ya pua. Nikifika kwenye ngazi, naambiwa kuna ngazi nikishajikwaa. Ndivyo tulivyo tangu tuoane."

Fundi alivua kofia, akaishika kama mtu aliyeingia msibani. "Mbona hujawahi kuniambia?"

"Kila nikitaka kukuambia naanzia kwenye kabati. Wewe ukisikia kabati unaondoka."

Fundi alijikuna shingo. "Basi leo mbele shika wewe," akasema.

Chumba cha mapatano kilikuwa mwisho wa ujia mwembamba wa ofisi. Mkasi akaongoza kwa sauti ya jemadari, na mumewe, asiyeona kitu, akagonga nguzo, akagonga chungu cha maua, kisha akamgonga mhasibu aliyekuwa akitoka chooni kwa amani yake.

"Nimekwambia kulia," alisema Mkasi.

"Kulia kwako au kwangu?" fundi akauliza kwa unyonge.

Mkasi alicheka mpaka ikabidi godoro liwekwe chini.

Waigizaji wenyewe walifika baadaye, wakihema, wakaonyesha ugomvi wao hadi mwisho. Wachumba wakasema kwamba hauaminiki.

Basi afisa akawaomba fundi na mkewe warudi wiki iliyofuata. Fundi alikataa njia nzima ya kurudi nyumbani, akisema hawezi kugombana mbele ya serikali mikono mitupu, lakini siku ilipofika alipiga pasi shati mwenyewe. Wakasimama mbele ya wachumba, wakatazamana.

"Anza wewe," alisema Mkasi.

"Sina kitu," akasema fundi. "Leo hujaniudhi."

Afisa aliwapeleka chumba cha mapatano wakakumbuke ugomvi wowote, hata wa zamani. Alipowarudia, wachumba wakiwa nyuma yake, aliwakuta wamelala fofofo juu ya godoro, fundi akikoroma kama mashine ya kusaga.

"Hili nalo limo kwenye mwongozo?" aliuliza muuza miwani.

"Kukoroma ni sura ya nne," akajibu afisa, akawaambia wakae sakafuni, akafungua sura ya nne.