Vigingi Vyeupe

Kulipopambazuka Tecla alitoka na mtungi, akatupa jicho mteremkoni, roho ikamruka. Vigingi havikuwepo! Vile vigingi vyeupe ambavyo Johana wa Kilimo alikuwa amevipiga kukingama mlima, kutoka uzio hadi uzio, vilikuwa vimeng'olewa vyote. Yamebaki mashimo tu, kama fizi za kibogoyo.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo! Mzungu wa Kilimo alikuwa anakuja kutoka Kericho kukagua. Mwaka huo wa 1958 amri ilikuwa moja: usilime kufuata mteremko, chimba matuta kufuata vigingi, panda nyasi za kuzuia udongo, ndipo upewe ruhusa ya chai. Kipkorir, mumewe, alikwisha kutozwa faini mara moja. Safari hii ni jela, na chai aisahau. Naye, maskini, alikuwa ametoka gizani kwenda Litein kungojea miche, anapiga mluzi, hajui lolote.

Tecla alikimbia hadi kwa mama mkwe wake. Wote walimwita Kobot Kipkorir, mama yake Kipkorir. Alikuwa ameinama anakoroga uji. Mafigani kulikuwa na kijiti kinaungua, na ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si unaona napika."

"Hivyo ni vya Serikali!"

"Najua ni vya nani. Nikiwa msichana walikuja kule juu, palipo na chai ya kampuni sasa. Wakapiga vigingi vyeupe hivi hivi. Wakasema, tunapima tu. Hata mtama haujaiva, tukaambiwa tufunge mizigo. Baba yangu alikufa skwota, kibarua asiye na ardhi, kwenye shamba alilozaliwa."

Aliyeumwa na nyoka akiguswa na jani hushtuka, na Tecla hilo alilijua. Lakini hasira ilimpanda.

"Na udongo wetu je? Mvua iliyopita imeupeleka mtoni wote, mahindi yakatoka kama vidole. Mume wangu akifungwa, tutakula vigingi?"

Mke wa mtu hamsemeshi mkwewe hivyo. Aibu ilimchoma hapo hapo, ila maneno yalikwisha kutoka. Kule chini gari likanguruma darajani.

Alipiga magoti, akapapasa uvunguni mwa kitanda, akauvuta mzigo wa vigingi. Viwili vilikuwa vimekwisha kuwa majivu. Akatoka mbio navyo, akagongana na Johana mlangoni. Mzungu alikuwa bado barabarani anazungumza na chifu.

"Nani ameng'oa?" Johana aliuliza, kijasho kinamtoka.

"Mimi," alisema Tecla. "Nilidhani ni kuni."

"Mwongo huyo!" sauti ya mama mkwe ikatoka ndani. "Ni mimi, na akili zangu timamu."

"Kogo, tafadhali." Johana alimwita nyanya kwa heshima, ingawa macho yake yalikuwa barabarani. "Mstari huu si mpaka. Ni wa kuzuia maji. Niache nivirudishe kabla Mzungu hajapanda huku. Akiona hivi, hata mimi kazi sina."

Mama mkwe akatoka, akainama, akang'oa nyasi mkono mzima. Kwa Wakipsigis nyasi si mchezo. Aliyezishika hasemi uongo. Akamnyooshea Johana.

"Shika. Useme hakuna atakayetutoa hapa."

Mkono wa Johana ukainuka, ukasimama. Naye alikuwa mtoto wa kilima hicho hicho. Mzungu alikwisha kuagana na chifu, anapanda.

"Kogo," Johana alisema polepole, "ya maji naweza kuapa. Ya Serikali siwezi."

Lo! Tecla alitamani angedanganya tu. Mtu anayekula mshahara wao, na yeye anaogopa!

"Basi apa ya maji," akasema. "Haraka!"

Johana akazishika nyasi, akaapa ya maji. Kobot Kipkorir alimwangalia, kisha akazichukua tena.

"Afadhali wewe hukunidanganya," alisema. "Haya, Tecla. Leta jiwe tugongee."

Waligongea wote watatu, kila kigingi katika shimo lake, na pale palipopungua Tecla akakata fito mbichi za uzio. Kigingi cha mwisho mama mkwe alikigongea mwenyewe, akakifunga zile nyasi shingoni.

Mzungu alifika anahema. Akatazama mstari, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mzuri sana." Kisha akaonyesha nyasi kwa fimbo. "Hii nini?"

"Mila tu, bwana," alisema Johana.

Mzungu akakiruka kigingi akaenda zake. Johana alikizunguka kwa mbali.

Miche ilifika, matuta yakachimbwa, na udongo ukatulia. Chai ikashika. Lakini kila gari lilipopunguza mwendo kule barabarani, Tecla alijikuta amesimama karibu na kigingi kile chenye nyasi, jembe mkononi, mpaka lipite.